Mimi Nawasha Tu

Tulipomzika Waya Adongo kule Kosele, waliomwandaa walikuwa wamemvisha glavu nyeupe za lesi, zile wanazovaa maharusi, kwa sababu waliona mikono yake ingewatisha watu. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba, na mimi nilikuwa na wawili, pacha, waliofanana kiasi kwamba hata baba yangu alikuwa akingoja mmoja acheke ndipo ajue amemsalimia yupi. Apiyo alitangulia kuzaliwa, Adongo akafuata. Siku hiyo ya mazishi Waya Apiyo alisukumwa hadi kwenye jeneza katika kiti cha magurudumu cha kuazima. Akazitazama zile glavu, akakunja uso, akasema, “Mvueni hizo. Huyu aliolewa mikono mitupu.” Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa nadhani yeye alitaka tucheke. Binti wa marehemu akazivuta polepole, na mikono ikaonekana: vidole vimelala vyote upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, vifundo vimetuna. Waya Apiyo akauweka mkono wake juu ya ule wa dada yake, na mtu asingeweza kusema upi ni wa aliye hai isipokuwa kwa kuwa mmoja ulitetemeka. Nyuma yangu mwanamume mmoja akanong’ona, “Pacha ni pacha. Hiyo ni damu tu.” Nilitaka kugeuka nimjibu, lakini matanga si mahali pa kubishana. Namjibu hapa, kwa kuwa nimestaafu ualimu na nina muda wa kumaliza sentensi zangu.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja wa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili, sijapata nafasi ya chuo, na nikapewa kazi ya kufundisha darasa la tatu karibu na Uriri bila mafunzo yoyote, ila sauti kubwa. Nilikaa kwa Waya Apiyo. Mumewe alikuwa dereva wa lori pale Isebania, mtu wa kuja na kuondoka, na nyumba ilikuwa ya wanawake: Waya, mama mkwe wake tuliyemwita Dani, yaani nyanya, na mimi. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye sebule moja kubwa, viti vimefunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, na tumbaku kila mahali. Tumbaku ilikuwa imeningʼinizwa hata juu ya kitanda changu, kwa sababu banda la kukaushia lilikuwa limejaa na Waya hakuona sababu ya nafasi nzuri ya dari kukaa bure. Nguo zangu zilinuka tumbaku hadi watoto wa darasa la tatu wakanipa jina, Mwalimu Ndawa, ndawa ikiwa ni tumbaku kwa Kijaluo. Niliwachapa mmoja mmoja kwa jina hilo, na leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Jioni tulikula ugali kwa mrenda au kwa omena, sote kwenye sinia moja, na Waya ndiye aliyekuwa akitusimulia habari za siku, huku akiwaiga watu aliokutana nao, hadi Dani anapaliwa.

Na Waya alivuta. Wanawake wa rika lake wengi walivuta, na walivuta kwa namna ambayo wageni huiona wakadhani wamekosea kuona: moto ndani. Anaiwasha sigara isiyo na kichungi, anavuta mara moja ikolee, kisha anaigeuza kwa vidole viwili na kuuingiza ule upande unaowaka kinywani, anafumba midomo, na kinachobaki nje ni kipande cheupe tu. Hivyo aliweza kufunga majani ya tumbaku kwenye fito, mikono yote miwili ikiwa kazini, moshi haumwingii machoni na majivu hayamwangukii kwenye kazi. Alizungumza nayo, aliimba nayo, alimfokea ngʼombe nayo. Nilimuuliza siku moja kama haimchomi. “Ulimi ni mwerevu kuliko wewe, Mwalimu,” akaniambia. “Unajua pa kukaa.”

Mwaka huo mikono ilianza kumkataa. Nasema kumkataa kwa sababu ndilo neno alilolitumia mwenyewe. Asubuhi alikuwa akiamka na vidole vimekaza, hawezi kufunga ngumi, hawezi kufungua mlango, na kikombe cha uji alikishika kwa viganja viwili kama mtoto mdogo. Jua likipanda vidole vilianza kulegea, na kufikia mchana alifanya kazi kidogo, kisha jioni vinavimba tena, mikono yote miwili sawasawa, na baadaye magoti na nyayo. Majirani waliofika kusaidia kufunga majani walikuwa na maelezo tele. Mmoja alisema ni utomvu wa tumbaku, ule mweusi unaogandama mikononi, umeingia kwenye mifupa. Mwingine akasema ni baridi ya alfajiri. Mwingine akakumbusha kwamba mama yao, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikufa na vidole vilivyopinda, kwa hiyo ni ugonjwa wa ukoo, hakuna haja ya kuhangaika. Dani alisikiliza yote akatema mate kando. Yeye alikuwa na lake, na alikuwa akilitunza.

Kitu kilichomtuliza Waya kilikuwa sigara. Hilo ndilo linaloniuma nikilitazama kutoka huku niliko. Kadiri maumivu yalivyozidi ndivyo alivyovuta, na sote tulifurahi kumwona akivuta, kwa kuwa uso wake ulikunjuka. Dani alikuwa akilipasha jani bichi la tumbaku juu ya jiko, analifunga kwenye vifundo vya mkwewe, kisha anamsogezea pakiti. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika jiko lile. Tulimpa tulichokuwa nacho, na kwetu tulikuwa na tumbaku.

Msimu wa kuchuma ulipofika, baba yangu alituma habari Kosele, na Waya Adongo akaja kumsaidia dada yake. Nilimwona akishuka njiani na kibeti chake na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki, kitambaa cheupe kichwani, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ugonjwa ulivyomla Waya Apiyo, kwa sababu huyu aliyekuwa akija alikuwa yeye yule, mzima. Adongo alikuwa ameolewa na mzee wa kanisa la wale wanaosali Jumamosi. Hakunywa chai yenye majani, hakula kambale, na sigara hakuwahi kuigusa maishani. Chakula cha kwanza alichokula pale alikichagua kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, na dada yake akamtania, “Kula tu, samaki huyu ameokoka.” Walilala chumba kimoja. Nilikuwa nikiwasikia asubuhi kupitia ukuta usiofika juu, Adongo akimkanda mwenzake vidole kimoja kimoja kwa maji ya moto, wakicheka mambo ya utotoni ambayo hayakuwa na mkia wala kichwa kwangu. Wakati mwingine mmoja alianza sentensi na mwingine akaimalizia, na sikujua ni nani kanyamaza.

Tatizo lilikuwa kiberiti. Waya Apiyo hakuweza tena kukishika kijiti na kukikwaruza, na hata akiwashiwa, hakuweza kuigeuza sigara moto uingie ndani bila kujichoma. Alijaribu mbele yetu asubuhi moja tukinywa uji. Kijiti kikaanguka, akakiokota, kikaanguka. Nilinyanyuka nimsaidie lakini Adongo alikuwa amekwisha kukichukua. Akawasha kijiti, akakisogeza kwenye sigara, na sigara haikukolea, kwa sababu dada yake hakuwa na pumzi ya kuvuta akiwa kwenye maumivu. “Ivute wewe kwanza,” Waya Apiyo akasema. “Mara moja tu, ikolee.” Adongo akatutazama, mimi na Dani, kana kwamba tungemkataza. Akaiweka mdomoni, akavuta, akakohoa hadi machozi yakamtoka na kitambaa chake kikamwangukia mabegani. Dada yake alicheka jinsi ambavyo hakuwa amecheka kwa miezi. Alicheka akashika mbavu. Adongo naye akacheka huku akifuta macho, akaigeuza ile sigara kwa vidole vyake vizima, akamtia dada yake kinywani moto ndani, kwa uangalifu kama anayemlisha. Namwona hata sasa. Kama ningeambiwa nichague picha moja ya upendo niliyowahi kuiona kwa macho yangu, ningechagua hiyo, na ndiyo maana nina uchungu.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Sigara ya asubuhi, ya wakati wa kufunga majani, ya baada ya chakula. Waya Apiyo alikuwa akinyoosha mkono bila kutazama, sigara imebanwa kati ya vidole viwili vilivyokaza, na Adongo anaipokea, anawasha, anavuta ikolee, anageuza, anamrudishia. Kikohozi kiliisha baada ya muda mfupi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumchokoza. “Waya, kanisani Kosele watasemaje?” Akanikata jicho. “Mimi nawasha tu,” akasema. “Kuwasha si kuvuta. Ukimwashia mtu jiko, umekula ugali?” Nilikubali. Lilikuwa jibu zuri, na kila mtu pale alilikubali, pamoja na yeye mwenyewe.

Lile la Dani lilitoka katikati ya msimu. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni mchana, nimeketi sebuleni nikisahihisha madaftari, na jikoni Dani alikuwa akichambua mboga pamoja na jirani. “Pacha hugawana,” nikamsikia akisema. “Hawa walizaliwa na kapu moja la nguvu. Tazama huyu alivyokauka, na tazama yule alivyonenepa. Nani amekula cha nani?” Jirani akaguna. “Unasema yule wa Kosele?” “Sijasema mtu. Nimesema kapu.” Kwetu pacha hutendewa sawa tangu siku ya kwanza. Akipewa huyu nguo, yule naye apewe, akisifiwa huyu, yule naye asifiwe, na kuwatenganisha kwa lolote ni kujitafutia balaa. Kwa hiyo maneno yale hayakuwa ya kipuuzi kwa masikio ya mtu wa pale. Yalikuwa na uzito wake. Nilipoinua kichwa nilimwona Waya Adongo amesimama kwenye mlango wa nyuma na mzigo wa kuni, hajautua. Aliyasikia yote. Aliutua mzigo taratibu, akaingia jikoni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama chumvi ipo.

Baada ya hapo alibadilika. Chakula chake alianza kukigawa nusu, nusu moja anamsogezea dada yake hata kama ameshiba. Alifunga kula Jumatano. Akapungua. Na zile sigara, ambazo awali alizivuta mara moja tu zikolee, akawa anazivuta mara mbili, mara tatu kabla ya kuzirudisha, na siku moja nilipokuwa nikipita nyuma ya banda la kukaushia nikawakuta wameketi kwenye gogo bega kwa bega, kila mmoja na kipande chake cheupe kimetokeza midomoni, moto ndani, wakitazama upande mmoja. Sikujua yupi ni yupi. Nilimtambua Adongo kwa mikono yake tu. Aliponiona aliichomoa ile sigara, akaizima kwenye udongo, akaniambia, “Usifikiri vibaya, Mwalimu. Dada yangu hawezi kuonja kitu peke yake.”

Mumewe alikuja kumchukua. Mzee Okumu alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi ikang’aa magotini. Aliketi sebuleni chini ya tumbaku, akakataa chai, akaeleza kwamba nyumba imepoa, watoto wanauliza, kwaya haina sauti ya pili. “Nipe hadi msimu uishe,” Adongo akamwambia. “Ulisema hivyo msimu ulipoanza.” “Hawezi hata kuvaa, baba. Nimwachie nani?” Mzee Okumu akanitazama mimi, nami nikatazama madaftari yangu, kwa sababu ni kweli mimi nilikuwa nikitoka nyumbani kabla Waya hajavaa. Akainuka, akaomba tusali. Wakati wa sala nilifumbua macho nikaona amemshika mkewe mkono na anakinusa kitambaa chake cha kichwa, kidogo tu, kisha akaendelea kuomba bila kukatiza. Nyumba nzima ilinuka tumbaku. Angejuaje ilikuwa inatoka wapi?

Ni yeye aliyetushauri twende hospitali Homa Bay, kwa daktari aliyesikia kwamba anajua mifupa. Tulikwenda watatu, mimi na hao pacha. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, dirisha linatazama ziwa, na feni iliyosimama. Alikuwa mtu wa Ukambani, mwenye miwani mizito, akizungumza Kiswahili cha taratibu ili tusipotee. “Hii imeanza lini, mama?” “Daktari, hii mikono inakataa asubuhi,” Waya Apiyo akamweleza. “Mchana inakubali kidogo. Jioni inakataa tena. Hata magoti sasa imeanza hiyo tabia.” Daktari akaibonyeza mikono, akaitazama miguu, akaandika vipimo vya damu. Kisha akainua macho akamwona Adongo vizuri kwa mara ya kwanza, akavua miwani. “Nyinyi ni mapacha?” “Sana,” Waya Apiyo akajibu, na hata yule daktari akacheka.

Akamwomba Adongo anyooshe mikono. Ilikuwa mizuri, myembamba, imara. Akaiweka juu ya meza kando ya ile ya dada yake, akaitazama kwa muda mrefu. “Mtu aliniambia hii ni ya ukoo,” Waya Apiyo akasema. “Mama yetu pia ilimpata.” “Ukoo upo ndani, ni kweli,” daktari akasema. “Lakini ingekuwa ni damu peke yake, huyu naye angekuwa hivi. Damu yenu ni moja kabisa. Kuna kitu kingine.” Akamuuliza Waya Apiyo kama anavuta sigara. Akakubali, akaonyesha kwa vidole jinsi anavyoigeuza, na daktari akatikisa kichwa. Akasema kwamba kuna wenzake wanaoshuku moshi, kwamba yeye mwenyewe hana uhakika, lakini akiulizwa angemshauri aache leo. “Mama, acha kabisa.” Waya Apiyo akaahidi upesi, kama tunavyowaahidi madaktari. Tukapewa vidonge. Adongo alikuwa ameirudisha mikono yake mizima mapajani, juu ya kibeti, na ndani ya kibeti kulikuwa na kiberiti.

Daktari alisema na mgonjwa. Hilo ndilo nililoliwaza miaka yote hii. Alikuwa na haki, kwani ndiye aliyekuja kutibiwa. Lakini onyo lile lilikuwa limechelewa kwa aliyeambiwa, na lingemfaa aliyeketi kando, mwenye damu ile ile na vidole ambavyo bado vilikuwa salama. Yeye hakuulizwa kama anavuta. Mwanamke mwenye kitambaa cheupe na Biblia, nani angemuuliza? Tulipokuwa tukila samaki wa kukaanga karibu na gati, nilimuuliza mimi. “Waya, umesikia alivyosema. Na wewe je?” Alikuwa anamtolea dada yake miiba, anamwekea minofu kando ya sahani. Hakuinua kichwa. “Mimi nawasha tu,” akasema. Waya Apiyo akasema, “Mwache shangazi yako ale.” Nikamwacha. Upande wa pili wa meza Dani hakuwepo, lakini kapu lake lilikuwepo, nadhani Adongo aliliona lipo pale kati ya sahani. Ukimwambia mtu kwamba amekula afya ya dada yake, kisha daktari anathibitisha mbele yake kwamba kwa haki walistahili kuugua wote, atasikia nini? Daktari alisema damu na moshi. Yeye alisikia kwamba kuna deni.

Msimu uliisha, tumbaku ikachukuliwa, na Waya Adongo akarudi Kosele mwisho wa mwaka. Mimi nikapata chuo. Waya Apiyo hakuacha sigara zaidi ya wiki moja, na vidonge vilimpa nafuu ya kuweza kujiwashia, kwa shida. Huko Kosele, kama binti yake alivyonieleza baadaye, mama yao alikuwa akipotea mara kwa mara nyuma ya ghala, na hawakuwahi kuona moto wala cheche. Wasingeona. Alifundishwa na bingwa. Ilipita miaka kadhaa, kisha asubuhi moja alishindwa kufunga vifungo vya blauzi akienda kusali. Habari ilipofika Uriri, Dani alikuwa mzee sana, na nasikia alisema, “Sasa wako sawa,” kwa sauti ya mtu aliyetuliza jambo. Na watu wote wa pande zote mbili walisema tuliyajua haya, ni damu, ni pacha, tulisema tangu mwanzo. Hakuna aliyekumbuka kiberiti. Ugonjwa wa huyu wa pili uliufuta kabisa ule moshi kwenye hadithi, kwa sababu sasa walifanana tena na hapakuwa na kitu cha kueleza.

Mimi nilikuja kuelezwa miaka mingi baadaye huko Kisumu, nilipompeleka Waya Adongo kwa daktari wa viungo, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Mapafu yake yalikuwa yamefanya makovu. Nilimsimulia yule kijana habari za pacha na mikono na sigara ya moto ndani, naye akaacha kuandika. Akaniambia kwamba kuna watu wanaozaliwa na jeni za aina fulani, na wengi wao huishi na kufa bila kuumwa hata kidole. Kuna wavutaji wengi ambao mikono yao haina neno. Lakini vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja, hatari haijumlishwi tu, inapanda juu sana. Moshi huchokoza mapafu, hubadilisha baadhi ya protini za mwili, na kwa mwenye jeni hizo kinga ya mwili huziona kama wageni, huanza kuunda silaha dhidi yao, na mwisho silaha zile huishia kwenye viungo. Huenda ikachukua miaka. Hata pacha wa kufanana, akasema, mara nyingi mmoja huugua na mwingine asiugue. “Kwa hiyo angeweza kukwepa?” nikamuuliza. Akajibu kwa uaminifu kwamba hakuna anayeweza kuapa kwa mtu mmoja, kwamba pengine angeugua hata hivyo. “Lakini alikuwa na nafasi nzuri,” akasema. Nimeichukia hiyo sentensi na sijaweza kuisahau. Kisha akaniuliza kama mimi, mwenye damu ya nyanya yule, navuta. Nikasema hapana. “Basi endelea hivyo hivyo,” akasema.

Jioni baada ya mazishi, watu walipopungua, nilimsukuma Waya Apiyo hadi jikoni kwa binti wa marehemu ili apate joto. Sufuria ya chai ilikuwa mekoni na wanawake walikuwa nje wakiosha vyombo. Waya Apiyo akaniuliza bila kunitazama, “Yule daktari wenu wa Kisumu. Alisema ni damu?” Nikasema alisema damu ni nusu. “Nusu ile nyingine?” Nilikuwa nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba swali lililoulizwa vizuri linastahili jibu. Nikamwambia, “Moshi, Waya.” Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayesikia jina alilokuwa akilitafuta. “Nilijua,” akasema. “Nilijua tangu alipoacha kukohoa. Nilijiambia, sasa amezoea, sitavuta tena peke yangu. Nilifurahi, Akinyi. Nilifurahi kuwa naye.” Nikamwambia kwamba daktari hakuweza kuapa. Nikamwambia Adongo alifanya kwa mapenzi yake. Yote yalikuwa kweli, na hayakumfikia.

Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akaingiza mkono chini ya kanga, akatoa sigara iliyobanwa kati ya vidole viwili, na bila kutazama akaninyooshea, jinsi alivyokuwa akifanya pale kwenye gogo nyuma ya banda. Kiberiti kilikuwa juu ya meza, karibu na sukari. Nami nilikuwa na uchungu mwingi wa kumwona hivyo, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye amebaki nusu, kiasi kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaipokea ile sigara na mwingine umeshagusa kiberiti. Hapo akageuka akaniona. Aliutazama mkono wangu, wenye vidole virefu vya ukoo wetu, ambavyo watu husema ni vyake na vya Adongo. Akaupiga kwa kiganja chake kilichopinda, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, na sigara ikaanguka majivuni.

“Wewe usiwashe,” akasema. “Wewe ni wetu.”

Chai ikachemka, nikaiepua. Nilimshikia kikombe akanywa.